Mchongo wa Bustani

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, ya kutishia tu, ikapita. Nimechaguliwa katibu wa kamati ya bustani. "Nimechaguliwa" ni neno la kujipamba. Ukweli ni kwamba niliinuka kwenda kufunga dirisha lililokuwa linabamiza, na Bi Mwenyekiti akasema, "Haya, Mwalimu amesimama." Wakapiga makofi. Nilipoketi tena, kiti kilikuwa kimeshapata cheo.

Bi Mwenyekiti ni mkunga. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake ikilia, na nusu hiyo inamtii mpaka leo.

Kazi yetu ni lile gogo. Mwaka jana, mvua kama hizi, mti mkubwa wa bustanini uling'oka na mizizi yake, ukalala kuanzia karibu na bomba la maji hadi njia ya lango. Manispaa walikata matawi wakaondoka nayo, gogo likawashinda. Lilivyo nene, mtu akisimama upande wa pili unaona kofia tu. Sasa wako tayari kumpa mchongaji kazi aligeuze pambo la bustani, ila sharti wakazi tuulizwe, tukubaliane tunataka nini. Tukishindwa kukubaliana ndani ya msimu huu wa mvua, wataleta lori na msumeno.

Mke wangu aliuliza, "Na Fundi je?" Nikamwambia Fundi wa viatu ni mkazi kama wengine, ataulizwa. Akanitazama kama anavyoitazama sufuria niliyoosha mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika tangazo kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MCHONGO WA BUSTANI. WAKAZI WOTE KARIBUNI, JUMAMOSI SAA KUMI. Nimebandika langoni, kwenye duka la dawa na kwa kinyozi. Mwandiko wangu, mtanisamehe, bado una mvuto.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Soksi zimegoma kukauka.

Jumamosi, 8 Machi
Niandike polepole, kwa mpangilio.

Darasa tulilopewa kwa mkutano, shuleni kando ya bustani, lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilifurahi! Nilifurahi kwa muda wa kufungua kifuniko cha kalamu, hivi. Kisha kinyozi akasimama.

"Mwalimu, tangazo tumeliona. Huo mchongo ni wa nani na nani?"

"Ni wetu sote," nikajibu kwa bashasha.

"Kwa hiyo na sisi tumo?"

"Mmo! Kila mtu yumo!"

Shangwe ikapanda. Kijana mmoja akauliza wanaanza kugawana lini. Nikatazama huku na huku nikitabasamu kama bwana harusi asiyemjua bibi harusi. Ndipo muuza dawa alipojiegemeza mbele akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka nje: "Mwalimu, siku hizi mchongo ni dili. Umetangaza kwamba bustani imeingia dili."

"Nilimaanisha kitu kilichochongwa," nikasema. "Kuchonga. Mbao."

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema kinyozi, na kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Watu walishaanza kuulizana nani kainunua bustani. Bwana wa manispaa, yule wa koti la mvua tusilowahi kumwona akilivua, akafikiri ataokoa jahazi kwa kusoma jina la mchongaji aliyeomba kazi. Mchongaji ni mmoja tu. Ni mdogo wake mke wangu.

"Aaaaa!" Darasa zima, kwa pumzi moja. Nimefundisha miaka yangu yote sijawahi kupata darasa lililoelewa haraka namna ile.

Nilijaribu kusema shemeji aliomba kabla sijawa katibu. Ni kweli, lakini ukweli ukifika umechelewa huwa unafanana sana na uongo.

Fundi hakuingia. Alisimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, sindano imening'inia kwenye uzi. Kelele zilipotulia kidogo akasema, bila kucheka, "Kwa hiyo mmepata mchongo." Akaondoka.

Fundi hushona viatu bustanini. Miaka mingi alikaa chini ya mti ule. Siku ulipoanguka, mkewe alikuwa amemletea chakula cha mchana, ameketi kwenye kigoda cha wateja akimsubiri. Fundi alikwenda bombani kunawa mikono. Aliporudi hapakuwa na kigoda wala mke. Tulimwita Mama Cheko, kwa sababu alikuwa anacheka kabla ya mzaha kwisha, na mara nyingine kabla haujaanza.

Tangu hapo Fundi hufanya kazi yake juu ya gogo lenyewe. Analipanda asubuhi, analishuka jioni. Wote tumezoea. Nadhani hilo ndilo kosa letu, ingawa leo sina nguvu ya kulifikiria.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu ananijibu kwa "mh" tu. Shemeji alikuja saa nne. Ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na hii ingekuwa kazi yake ya kwanza ya maana tangu karakana yao ifungwe. Alikunywa chai yote ndipo akasema:

"Shemeji, nilidhani utanipatia mchongo. Kumbe umenichongea tu."

Mke wangu alikwenda jikoni haraka. Nilisikia akicheka, halafu nikasikia hacheki tena.

Jumanne, 11 Machi
Mvua kubwa. Nilichukua kiatu changu cha kulia nikaenda kwa Fundi. Alikuwa juu ya gogo chini ya mwavuli, miguu inaning'inia, maji yanatiririka pande zote kama yuko kisiwani. Uyoga umeanza kuota ubavuni mwa gogo, mweupe.

"Kiatu hiki hakina shida, Mwalimu."

"Soli inaingiza maji."

"Haiingizi. Umekuja kunichunguza."

"Nimekuja kukusalimu."

"Basi shikamoo yako nimeipokea, na kiatu chukua."

Ananizidi miaka kama sita, na shikamoo sikuwa nimeitoa. Nikaitoa. Akaipokea mara ya pili. Nikamuuliza kwa nini asihamie barazani kwa muuza dawa, pakavu.

Akaligonga gogo kwa kisigino. "Namkalia huyu. Nikiondoka ataona amesamehewa."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 13 Machi
Mtu amefuta tangazo la langoni akaandika upya: MCHONGO WA SHEMEJI. Mwandiko mbaya, lakini ujumbe unasomeka.

Jumamosi, 15 Machi
Mkutano wa pili. Bi Mwenyekiti aliingia na mwavuli mkavu, na kila aliyepandisha sauti alimfungulia usoni, pah! Ilifanya kazi kuliko kengele.

Maoni yalikuja. Simba. Simba wawili. Mchezaji mpira. Mama na mtoto. Simu kubwa, "ili tuonekane tumeendelea." Kinyozi alitaka mkono mkubwa uliokunjuliwa, akieleza kwamba ndio mkono wa wanaokula. Kila pendekezo lilikuwa na watu wake na kila mmoja alikuwa tayari kugombana kwa ajili yake. Bwana wa manispaa alituangalia jinsi madereva wanavyoangalia foleni.

Hapo nikapata wazo. Nalisema hapa kwa sauti ya chini: nililiona zuri sana. Nikasimama nikasema, tumchonge Mama Cheko. Ameketi, anacheka, hapohapo alipotutoka.

Kisha makofi. Watu walifuta macho. Kinyozi, ambaye wiki nzima alikuwa amenikalia kooni, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono yote ilinyooshwa juu. Nilirudi nyumbani nikikwepa madimbwi kwa madaha.

"Fundi amesemaje?" mke wangu akauliza.

"Hakuwepo. Tutampelekea habari njema."

"Mh."

Jumapili, 16 Machi
Tulikwenda watatu: Bi Mwenyekiti, shemeji na mimi. Manyunyu. Fundi alikuwa anashona mkanda wa begi. Nikamweleza kwa maneno niliyoyapanga tangu asubuhi, yenye heshima na kumbukumbu na vizazi vijavyo. Aliendelea kushona mpaka nikamaliza. Akakata uzi kwa meno.

"Mnataka kumchonga mke wangu."

"Kwa heshima," nikasema.

"Kwenye hili."

"Ndiyo."

"Watoto wampande kichwani. Mlevi amwegemee usiku. Na mimi nipite kila siku nimwone amefanywa kwa mwili wa aliyemuua." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwalimu, wewe ulisoma mpaka wapi?"

Bi Mwenyekiti alisema, "Kaka yangu, sisi tumekosea, lakini hatukuwa na nia..."

"Mama, wewe nakuheshimu, wanangu umenishikia. Nia siijui. Nilichosikia ni kwamba mmepiga kura. Mke wangu amepigiwa kura nikiwa nimekaa hapa, hatua chache kutoka mlango wenu, na hapana aliyekuja kuniita."

Shemeji alisogea, nadhani alitaka kumpa mkono. Alikuwa amebeba mfuko wa zana zake, kwa mazoea tu, maana haendi popote bila huo mfuko. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ilikuwa imechungulia. Fundi akaiona. Akachukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakichoma kwenye gogo, kati yetu na yeye. Kilizama nusu. Mbao imelainika.

"Atakayeliinulia hili zana kulipamba," akasema, "anipambe mimi kwanza."

Tulirudi. Langoni Bi Mwenyekiti alisimama akanigeukia. Nilidhani ataufungua mwavuli usoni kwangu. Badala yake aliniuliza, "Mbona hatukumwita?" Nilitaka kusema kazi ya kuita ilikuwa ya katibu. Nikajua anajua.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua.

Jumanne, 18 Machi
Mvua. Nimepita mbali na bustani, nikazunguka kwa nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

Alhamisi, 20 Machi
Mtaa umegawanyika. Kuna wanaosema Fundi analinda sehemu yake ya biashara tu. Nilimsikia mtu dukani akisema, "Bustani ni ya wote, yeye ni nani?" Na kuna wanaosema kamati ilishakula, ndiyo maana inamlazimisha. Leo asubuhi shemeji amekuta zana zake mtaroni, mfuko umechanwa. Amezikusanya zote isipokuwa patasi ndogo aliyoachiwa na baba yao. Mke wangu aliingia mtaroni mwenyewe, gauni limefungwa magotini, akapapasa kwenye tope mpaka akaipata. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akaniwekea patasi kiganjani, na tope lake.

"Hii ndiyo habari njema?" akasema.

Jumamosi, 22 Machi
Bwana wa manispaa amepiga simu. Hakuna makubaliano, kwa hiyo lori ni Ijumaa. Amesema kwa upole kabisa, kama daktari wa meno. Bi Mwenyekiti amesema labda ndivyo bora: liondoke, yaishe, mtaa upumue.

Nilimpelekea Fundi taarifa. Safari hii niliitoa shikamoo kabla ya kufika. Nilimwambia amepata alichotaka, gogo linaondolewa.

Akanikazia macho. "Nani alisema nataka liondoke?"

"Hutaki lichongwe."

"Sitaki."

"Na hutaki liondoke."

"Likiondoka, nitakwenda wapi nikamwambie ninayomwambia?"

Nikauliza, kwa mara ya kwanza tangu msimu huu uanze, na naandika kwa aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza: "Wewe unataka nini, kaka?"

Aligeuza kiatu alichokuwa nacho, akakitazama soli muda mrefu. "Sijui," akasema. "Hamna aliyewahi kuniuliza, nitajulia wapi?"

Jumatano, 26 Machi
Mvua ya mawe. Bati la jiko limetoboka. Mke wangu ameweka ndoo, na mimi nimewekwa kando ya ndoo.

Ijumaa, 28 Machi
Lori lilifika asubuhi na mapema, na msumeno wa mota, na wafanyakazi waliovaa glavu. Nilikuta Fundi ameshapanda. Hakuwa na mwavuli. Alikuwa amekaa katikati ya gogo na boksi lake la kazi kifuani kama mtu anayesubiri gari. Watu walianza kutoka majumbani, wengine na miswaki mdomoni.

"Mzee, tushukie," akasema mwenye msumeno.

"Kata tu. Mimi nimekaa kwangu."

Bwana wa manispaa alisoma amri. Fundi akatoa kiatu, akaanza kushona. Mvua ikaongezeka. Mwenye msumeno, kijana tu, akavuta kamba, labda kumtishia, na ule mlio ukajaza bustani. Alianzia mwisho kabisa, upande wa lango. Vumbi la mbao lilitoka limelowa, likaanguka kama uji. Gogo zima likatetemeka, na Fundi juu yake akatetemeka, sindano ikamponyoka. Nikamwona akishika gogo kwa mikono miwili. Hapo nilielewa: anaisikia tena siku ile. Mlio, mtikisiko, vyote. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine "mshusheni!", wengine "mwacheni!", na kinyozi na yule niliyemsikia dukani walikuwa wameshashikana mashati.

Mimi? Nilisema "jamani" mara nyingi sana. Haliko neno lisilosaidia kama hilo.

Ni Bi Mwenyekiti aliyekwenda akasimama mbele ya msumeno na kumwambia yule kijana, "Wewe nilikupokea mimi. Ulikuja umetanguliza miguu, mbishi tangu siku ile. Zima." Akazima.

Katika kimya kile shemeji akapita katikati ya watu na mfuko wake ulioshonwashonwa. Nilitaka kumzuia, nikakumbuka kisu. Alisimama chini ya miguu ya Fundi, mvua ikimwingia machoni.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Nilisema nini kuhusu zana?"

"Ulisema lisipambwe. Mimi sijui kupamba. Mwalimu ndiye mwenye maneno." Watu wachache walicheka, na nilistahili. "Mimi kazi yangu ni kupunguza. Siongezi kitu kwenye mti, naondoa tu. Nikimaliza siku, mti ni mdogo kuliko asubuhi."

Fundi alimwangalia. "Kuondoa."

"Basi."

"Mpaka uishe?"

"Ukitaka uishe, nitaondoa mpaka uishe. Ukitaka niondoe mahali pamoja, nitaondoa hapo. Sema wewe."

Mvua tu, na lori likinguruma. Kisha Fundi akaweka boksi lake kando, akashuka, polepole, goti moja halielewani tena na la pili. Akatembea kando ya gogo kuelekea bombani huku mkono ukiliparaza ganda. Kabla ya kufika kwenye bomba alisimama, akarudi hatua moja, akachutama. Akaweka kiganja chini kabisa, pale gogo linapokutana na udongo.

"Kigoda kilikuwa hapa," alisema. "Alikuwa ameketi hapa, ananisubiri ninawe." Akapandisha kiganja mpaka urefu wa kichwa cha mtu aliyeketi. "Ondoa hapa. Kutoka huku mpaka upande ule. Mwondolee mke wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi aliliachia shati la mwenzake, akalikung'uta na kulinyoosha kola, bila kujua anafanya nini.

Bwana wa manispaa alikohoa. "Lazima niandike pambo gani. Simba? Mama na mtoto?"

"Andika unachokiona," akasema Bi Mwenyekiti.

"Lakini hapo hapatakuwa na kitu."

"Hichohicho."

Bwana huyo akanigeukia mimi, katibu, aulize kama wakazi wameafiki. Mimi nikamgeukia Fundi nikamuuliza yeye. Akatikisa kichwa kuafiki. Ndipo nikasema ndiyo.

Jumatatu, 31 Machi
Shemeji ameanza. Tezo mpaka saa sita, patasi mchana. Fundi anakaa barazani kwa muuza dawa, anaangalia.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua inapungua. Watu wanapita, wanachungulia, wanaondoka na vibanzi mfukoni. Kinyozi amempelekea shemeji chai. Hakuniletea mimi. Naona ni haki.

Alhamisi, 17 Aprili
Nuru imetokea upande wa pili, ndogo kama kitufe cha shati.

Jumanne, 29 Aprili
Jua siku nzima. Soksi zote zimekauka.

Ijumaa, 9 Mei
Limekwisha. Ukilitazama kwa mbali ni gogo lililolala, na uwazi mmoja ubavuni, wenye umbo la upinde, unaopenya mpaka upande wa pili. Ndani shemeji ameparaza mpaka pamekuwa laini kama kiganja. Hakuna jina wala sura. Bwana wa manispaa alikuja kulikagua bila koti, ikabidi ajitambulishe.

Fundi alikuja na kigoda kipya. Tulisogea nyuma bila kuambiwa. Alinitupia jicho akasema, "Mwalimu, huu sasa ndio mchongo," na nikashindwa kujua kama ananitania, kwa sababu mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja.

Kisha akaweka kigoda ndani ya uwazi, akainama, akaingia, akaketi. Alinyoosha mgongo. Akainua mkono taratibu juu ya kichwa, akapitisha vidole kati ya nywele zake na mbao, akavipeleka mbele, akavirudisha nyuma. Nafasi ilitosha na ikabaki.

"Mti haumgusi," alisema.